Waliokunywa Bila Kula

Talatu anasema aliniona kwa macho yake mawili. Anasema alfajiri ile ya Alhamisi, wakati wa daku, alitoka uani kumwaga maji, akachungulia juu ya ukuta wetu, akaniona nimeinamia sufuria kubwa na chupa nyeusi mkononi, namimina kitu huku midomo inanicheza. Anasema mvuke uliopanda ulikuwa mwekundu. Anasema alitaka kuniita lakini ulimi ukawa mzito. Na kila anapoisimulia anaongeza: Jumamosi chupa ilikuwa moja, Jumapili zikawa mbili, na Jumatatu pale bombani nilimsikia akiwaambia wanawake kwamba nilipomaliza kumimina nilicheka.

Sikucheka. Mengine yana ukweli wake. Chupa ilikuwepo, nyeusi kwa masizi, na ndani yake mlikuwa na maji ya magadi, ambayo kila mpika waakye, wali wetu wa kunde, hutia ili kunde ziive upesi. Wali wetu ni mwekundu kwa sababu tunauchemsha na majani ya mtama. Ukiwa mweupe nani ataununua? Na midomo ilinicheza kwa sababu nilikuwa nahesabu vikombe vya mchele nisije nikapotea.

Siku ile mwalimu mkuu, Mwalimu Gyabaah, alikuwa ameniagiza sufuria nzima. Darasa la nane walikuwa wanakwenda kumpandia mahindi shambani kwake, kama darasa la nane wanavyofanya kila mwaka mvua zikianza, naye huwalisha. Nikafunga waakye kwenye majani, nikajitwika hadi shambani, nikawagawia wasiofunga. Jioni wakaanza kuumwa. Kumi na saba. Walitapika, wakaharisha, wawili wakapelekwa hospitali ya wilaya wakatundikiwa maji. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini kufika Jumamosi, Zongo nzima, mtaa wetu wa Waislamu, hapakuwa na asiyejua jina la aliyewalisha.

Mwalimu Gyabaah aliniita ofisini. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Asibi, kamati itakaa Ijumaa baada ya swala. Kama hakuna jipya, hutaingia tena hapa na sufuria yako, na nitawaandikia watu wa afya wilayani wakufungie kabisa. Mpaka hapo usiuze."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nauza pale tangu nilipoacha shule darasa la sita, bibi alipopofuka. Miaka tisa. Muuza chakula aliyefungiwa kwa sumu hafunguliwi tena. Atahamia mji mwingine, na jina litamtangulia kufika.

Ila kilichoninyima usingizi si Talatu. Ni kwamba mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimefunga, sikuonja. Mwezi mzima wa Ramadhani napika kwa mkono na pua tu, na magadi yakizidi huvuruga tumbo. Je, mkono ulizidisha? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Jumatatu nilikwenda shuleni bila sufuria. Sikuwa na kazi, ila miguu imezoea. Nikakaa kwenye baraza la darasa la nane, chini ya dirisha lisilo na vioo, nondo tupu. Ndani alikuwemo Madam Ofosua, mwalimu wa sayansi, mgeni, mwaka wake wa kwanza wa kazi. Barua yake ya kuthibitishwa ilikuwa bado inasubiri sahihi ya Mwalimu Gyabaah. Hilo tulilijua wote, hata sisi wauzaji.

"Leo ilikuwa tusome kuota kwa mbegu," alisema. "Tutaliacha. Nani aliumwa Alhamisi?"

Mikono ikapanda.

"Mliumwa na nini?"

"Waakye!" Darasa zima, kama kiitikio cha kwaya. Nikasikia masikio yangu yakipata moto.

Akaandika ubaoni. "Hiyo ni dhana. Dhana ni nini, Adomako?"

Adomako ni yule mrefu wa nyuma, mdomo wake hauna breki. "Ni jambo unalolijua kabla hujalijua, Madam."

Wakacheka. Naye akacheka kidogo.

"Umekaribia. Ni jambo unalolidhani kabla hujalipima. Na anayetaka dhana yake ishinde, kazi yake ya kwanza ni kutafuta kitu kitakachoiangusha. Hii ya waakye, nini kingeiangusha?"

Hata mimi pale nje nikafikiri.

"Mtu aliyekula akabaki mzima," alisema msichana mmoja.

"Yupo?"

"Mimi, Madam," akasema Adomako. "Nilikula mafungu mawili. Na wengine wawili wako hapa."

"Basi dhana imeanguka?"

"Haijaanguka. Mimi tumbo langu la chuma."

"Tumbo la mbuzi!" mtu akamrushia.

"Watu hawaumwi sawasawa," Madam akasema baada ya kicheko. "Haijaanguka, inachechemea. Sasa, nini kingine kiliingia vinywani mwenu siku ile?"

"Vumbi."

"Matusi ya mwalimu mkuu!"

"Hayo yanaingia masikioni, mjinga wewe."

"Maji," akasema yule msichana.

"Maji ya wapi?"

"Kwenye dumu la njano, Madam. Dumu la Mwalimu. Tulilikuta shambani."

Chaki ilisimama hewani. Niliiona kwa sababu nilikuwa nimeshainuka nachungulia. Madam akaenda mlangoni, akatazama upande wa ofisi, akausukuma mlango ukafungika. Aliporudi alichora ubaoni visanduku vinne. Cha kwanza, waliokula na kunywa. Cha pili, waliokula bila kunywa. Cha tatu, waliokunywa bila kula. Cha nne, wasiokula wala kunywa.

Wanafunzi ishirini na mmoja walikwenda shambani. Ishirini waliingia kisanduku cha kwanza, na kumi na saba kati yao ndio walioumwa.

"Nani alikula asinywe?"

"Waakye bila maji, kwa jua lile?" Adomako akashika koo. "Tungekuzika na fungu mkononi, Madam."

"Anti Asibi," Madam akaniita pale dirishani, "wewe ulikula?"

"Nilifunga, Madam."

"Ulikunywa?"

"Nilifunga."

Akaniandika kisanduku cha nne. "Na mwingine aliyefunga?"

"Shamsiya," wakasema.

Shamsiya ni binti wa Talatu, miaka kumi na tatu, huketi dawati la mbele. Huu ndio mwaka wake wa kwanza kufunga mwezi mzima, na mama yake ameshautangazia mtaa, siku kwa siku. "Nilifunga," alisema. Aliliambia dawati, hakumwambia mtu.

Madam akamwandika chini yangu.

Mimi nikaondoa macho. Alhamisi ile shambani, wakati wenzake wanafungua mafungu, nilimwona Shamsiya akipita nyuma ya kichuguu penye dumu. Aliporudi alikuwa anafuta kidevu kwa ncha ya hijabu, na ncha ilikuwa imelowa. Nikajisemea, mtoto huyo, jua kali, Mungu ni mwingi wa huruma, na nikanyamaza. Usiku wake, mama yake akiwa tarawehe, nikamsikia nyuma ya ukuta wetu akitapika, kisha akimwaga maji, kisha akitapika tena. Asubuhi Talatu akatoka kifua mbele: tazameni, mwanangu hakugusa chakula cha Asibi, mwanangu mzima.

"Visanduku viwili vitupu," Madam alikuwa anasema. "Kila aliyekula alikunywa, kila aliyekunywa alikula. Kwa hiyo hitimisho?"

"Lakini watu wote wanasema waakye, Madam."

"Watu wote wana kisanduku kimoja. Sisi tunavyo vinne. Hitimisho?"

"Hatujui," Adomako akasema polepole.

"Andikeni."

"Tuandike hatujui?"

"Kwa herufi kubwa."

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Anayetaka dhana yake ishinde atafute kitakachoiangusha. Yangu ilikuwa kwamba sufuria yangu ni safi. Kwa hiyo Jumanne nikapika upya, kunde zilezile, magadi kwa kifuniko kilekile cha chupa, na wakati wa futari nikala bakuli zima, kisha la pili, kisha nikakaa kusubiri tumbo. Bibi akaniuliza mbona napumua kama ng'ombe. Hadi asubuhi hakuna kitu. Nikaenda kumwambia Madam, karibu nikimbie.

Alinisikiliza, akanishika mkono. "Umefanya vizuri, Asibi. Lakini umepima sufuria nyingine. Ile ya Alhamisi imekwisha. Mwalimu atasema safari hii ulikuwa mwangalifu kwa sababu ya hofu, na sitakuwa na la kumjibu."

Lilinikata maini, lakini alisema kweli.

"Na dumu?" nikamuuliza. "Huwezi kulipima?"

"Kwa kifaa gani? Nitalipeleka wapi, nani alipie? Na nikiomba, naomba kwake." Akatazama ofisi. "Liko stoo, kafungia. Nilimuuliza, akasema ni la maji, miaka miwili analitumia."

Nilijua jibu lile lina tundu, ila tundu sikuweza kulionyesha. Siku mbili kabla ya kupanda, nilipita njia ya shamba lile nikamwona kibarua wa Mwalimu na pampu ya dawa mgongoni, ananyunyiza kuua magugu, na miguuni pake kulikuwa na dumu la njano. Lakini madumu yote mjini hapa ni ya njano.

Alhamisi alasiri nilimkuta Shamsiya bombani peke yake. Ndoo yake ilikuwa imejaa zamani, inafurika, naye hafungi bomba.

"Ndoo imejaa, mdogo wangu."

Akashtuka. Akafunga. Akaniangalia, akajua kwamba najua, bila kuambiwa.

"Anti, funda mbili tu," alisema. "Wallahi funda mbili. Niliona kiza machoni."

"Najua."

"Nilitaka nitulie tu, halafu niendelee."

"Shamsiya, uliumwa?"

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. "Baba kanikatia kitambaa cha Idi. Kawaambia watu msikitini. Wataniita kobe, Anti. Adomako atanitungia wimbo. Na mama... Anti, mama kasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mzima. Usimwambie mama."

Nilikuwa nimekwenda pale na maneno yangu tayari. Nilitaka kumwambia kesho ndiyo kesho, neno lako moja tu, kisanduku cha tatu. Nikayatafuta maneno yale, yakawa mazito kama mawe. Mimi nimekua, nina miaka ishirini na minne, na ninaogopa watu wa mji huu. Yeye ana kumi na mitatu.

Nilimtwika ndoo. Sikumwahidi kitu.

Ijumaa kamati ilikaa darasani kwa darasa la nane kwa sababu ofisi ni ndogo. Mwenyekiti wa wazazi ni Alhaji Issifu, mume wa Talatu, baba yake Shamsiya. Ni mtu wa haki, ila mzito kugeuka, kama lori. Mwalimu Gyabaah aliketi kuliani kwake. Wanafunzi walifukuzwa, wakazunguka nyuma wakajazana dirishani.

Talatu alisimama akasimulia. Chupa zilikuwa tatu.

"Mama Shamsiya," nikasema, "Jumamosi ilikuwa moja."

"We mtoto, unanihesabia? Zihesabu chupa zako!" Watu wakaguna. "Mnataka ushahidi gani? Waliokula wameumwa. Wangu hakula, huyo hapo dirishani, mzima kama kigoma!"

"Naomba ubao," Madam Ofosua akasema.

"Madam," Mwalimu Gyabaah alisema kwa upole ambao haukuwa upole, "hii ni kamati, si kipindi. Na nadhani wewe na mimi tuna barua ya kuzungumza wiki ijayo."

Madam akachukua chaki, akachora visanduku vinne, akaeleza.

Alhaji aliinamisha kichwa, akavitazama muda mrefu. "Kwa hiyo unasema inaweza kuwa maji."

"Nasema hatujui, Alhaji. Binti yako hakula, ni kweli. Lakini hakunywa pia."

"Hakunywa, kafunga!" Talatu akapiga kifua. "Mwanangu kafunga siku zote, hajaacha hata moja!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana hawezi kutuonyesha ni kipi kati ya viwili. Ningempata mtu mmoja aliyekunywa bila kula, mmoja tu, ningejua kitu."

"Hayupo," Mwalimu Gyabaah akasema. "Na maji yalikuwa maji. Alhaji, tumalize."

Alhaji akanigeukia. "Asibi. Wewe ulikuwepo toka mwanzo hadi mwisho, na wewe ni mtu wa kutazama, bibi yako husema hivyo. Umefunga leo?"

"Nimefunga, Alhaji."

"Basi niambie kama mtu aliyefunga. Ulimwona yeyote aliyekunywa maji yale asile chakula?"

Sikugeuka dirishani. Nilijua nikigeuka hata kidogo nimeshasema.

"Nilimwona," nikasema.

"Nani?"

"Na aliumwa. Nilimsikia akitapika."

"Nani, Asibi?"

"Jina lake si langu kulitoa, Alhaji. Aliniamini, namsitiri."

Pakachafuka. Talatu alikuwa ameshainuka. "Kabuni! Kabuni mtu, jamani! Mtu asiye na jina anatapikaje?"

"Shahidi asiye na jina," Mwalimu Gyabaah akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliniangalia usoni, akatabasamu. "Andika, Madam. Hicho kisanduku chako kina jini."

Wengine wakacheka. Alhaji hakucheka, ila alishika kalamu. Nikaona anaisogeza karatasi karibu. Nikajua ananiandika nini.

"Alhaji, ombi moja," nikasema. "Dumu liletwe."

"Stoo imefungwa," Mwalimu akasema.

"Ufunguo uko mfukoni kwako," nikamwambia. "Wa kamba nyekundu." Nilikuwa nimeuangalia tangu alipokaa.

Alhaji akanyoosha kiganja kwake. Mwalimu Gyabaah alisita, kisha hakuwa na jinsi, akautoa. Aliyekwenda ni Adomako, hakungoja kutumwa, na alirudi analibeba dumu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Nikalichukua, nikaenda nalo bombani, nikatia maji nusu, nikalitikisa kama tunavyotikisa, nikarudi. Nilikuwa nimeazima kikombe cha bati kwenye mtungi wa walimu. Nikamimina. Maji yalikuwa meupe tu. Hayakuwa na rangi, na harufu kama ilikuwepo ilikuwa ndogo, ya mbali. Sikuweza kuapa nayo.

"Asibi," Madam akasema kwa sauti ya chini, "hatumjaribii mtu sumu. Hilo sikuwafundisha."

"Si sumu, Madam. Mwalimu kasema ni maji."

Nikasogea hadi mezani. Kikombe kilikuwa kimejaa mno, kilinidondokea vidoleni. Sikuvifuta.

"Mimi nimefunga," nikasema. "Alhaji kafunga. Mama Shamsiya kafunga. Mwalimu Gyabaah, wewe hukufunga, na hujala waakye yangu hata siku moja. Kisanduku cha tatu ni kitupu. Naomba unywe. Funda mbili tu."

Dirishani hapakuwa na anayesukumana tena. Sasa niligeuka kidogo, sikuweza kujizuia. Shamsiya alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili, uso umebanwa katikati.

Mwalimu Gyabaah aliutoa mkono wake chini ya meza. Ulikuja hadi karibu na kikombe, ukakaa juu ya mbao, vidole vimefunguka, bila kukigusa. Alhaji alikuwa ameweka kalamu chini, anautazama mkono ule. Talatu alikuwa amesimama bado. Mimi nilishika kikombe palepale, mkono ukaanza kuniuma begani, na sikukirudisha.

"Naomba, Mwalimu," nikasema tena.